Rauta ni yako au ya kampuni? Namna ya kuitambua kabla hujatoa hela

Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya imeshika kweli, mama mmoja wa Uyole alikuja kibandani kwangu Mwanjelwa akiwa amejifunga vitenge viwili. Baada ya shikamoo na marahaba akafungua kikapu, akatoa kiboksi cheupe chenye antena mbili, adapta yake imeviringwa vizuri na kufungwa kwa mpira wa kufungia noti.

"Mwanangu, nimeuziwa hii elfu thelathini na mpangaji wangu aliyehama. Nataka uniwekee laini humu ndani, niwe napata waifai yangu."

Nilikigeuza. Pa kuweka laini hapakuwepo. Nyuma kulikuwa na matundu manne ya njano ya waya wa neti na tundu moja dogo la simu. Kwenye kona ya chini kulikuwa na kifuniko cha mpira, kidogo kama punje ya hindi. Nilipokibandua, ukatokea mdomo wa kijani. Hapo nikajua mambo mawili kwa mpigo: kile kiboksi ni cha faiba, na aliyekiuza karibu hakika hakuwa mwenyewe.

Kesi za namna hii ninazo nyingi. Fundi mwenzangu wa Kihesa, Iringa, anasema kwake zinafuata ratiba ya vyuo: wanafunzi wakimaliza mitihani kila kitu kinauzwa, magodoro, majiko ya gesi na rauta, na baadhi ya rauta hizo hazikupaswa kuuzwa kabisa. Nimeamua niandike hatua ninazozipitia mwenyewe nikiletewa kifaa. Huhitaji kuwa fundi, unahitaji macho, simu yako na dakika kumi.

Kwanza kabisa, sahau jina lililoandikwa kwa herufi kubwa juu ya kifaa. Hilo ni jina la kiwanda. Huawei, ZTE na TP-Link wanatengeneza rauta za kuuza dukani, na wanatengeneza nyingine za kuziuzia kampuni za intaneti kwa maelfu, ambazo kampuni hizo huwafungia wateja wao. Mtu akikwambia "hii ni original Huawei" amekujibu swali ambalo hukuuliza. Maswali ya maana ni mawili: intaneti inaingilia wapi, na kifaa kikiwashwa kinamtii nani?

Hatua ya kwanza: geuza, tafuta mdomo inapoingilia intaneti

Kila rauta ina milango ya kutoa intaneti, yaani waifai na matundu ya waya, na ina mlango mmoja wa kuipokea. Huo wa kupokea ndio unaokupa nusu ya jibu. Ziko aina nne za milango utakazokutana nazo huku kwetu.

Mdomo wa kijani. Ni wa mraba, wa plastiki, na waya unaochomekwa hapo ni mwembamba, mara nyingi mweupe au wa njano, na kichwa chake nacho ni cha kijani. Ndani ya waya huo kuna uzi wa kioo wenye unene wa mikromita 125, yaani milimita 0.125. Kifaa chenye mdomo huo kimetengenezwa kuongea na mtambo mmoja tu, ule ulioko kwenye kituo cha kampuni ya faiba. Mtambo huo hauongei na kifaa usichokitambua kwa namba yake. Ndiyo maana kiboksi cha faiba, hata kikiwa kizima kabisa, ukikipeleka kwenye waya wa jirani anayetumia kampuni ileile hakitafanya kazi mpaka wenye mtandao wakisajili hapo. Ukikiona kinauzwa mkononi, chukulia kuwa ni mali ya kampuni hadi muuzaji akuonyeshe karatasi inayosema vingine.

Ukiwa hapo kwenye mdomo wa kijani, mambo matatu ya usalama. Usichungulie ndani wala kwenye ncha ya waya: mwanga unaopita humo ni leza, jicho halioni, lakini si kitu cha kukiangalia. Usiguse ncha nyeupe kwa kidole, mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu mawasiliano. Na usiukunje waya huo kama unavyokunja wa chaja, kioo ni kioo.

Taa nazo zinasema. Kifaa cha faiba kina taa iliyoandikwa PON na nyingine iliyoandikwa LOS. PON ikitulia kijani, mtambo umekikubali. PON ikipepesa tu bila kutulia, mwanga unafika lakini kifaa bado hakijakubaliwa. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: waya umekatika, umekunjwa, au haujachomekwa vizuri. Rauta ya kawaida ya dukani haina taa hizo mbili. Kwa hiyo hata ukitumiwa picha ya mbele tu kwenye WhatsApp, vuta karibu usome maandishi chini ya taa.

Tundu la simu. Ni dogo, jembamba kuliko la waya wa neti, kama lile la simu za mezani za zamani. Likiwa limeandikwa DSL au ADSL, hiyo ni modemu ya waya wa shaba, wa zile laini za simu za TTCL. Hapa watu wengi hukosea: vifaa vingi vya faiba navyo vina tundu kama hilo, ila limeandikwa TEL au POTS. Hilo ni la kutolea sauti ya simu ya mezani, si la kuingizia intaneti. Soma maandishi, usiangalie umbo peke yake. Modemu za DSL ziliuzwa sana madukani na nyingine ziligawiwa na kampuni, kwa hiyo mdomo haukupi jibu. Nenda hatua ya pili. Ila nikwambie ukweli, kama nyumba yako haina waya wa shaba ulio hai, usiinunue hata kwa elfu tano.

Kitundu cha laini. Rauta ya 4G au 5G, ile unayoweka laini kama ya simu. Hizi zina ugomvi wa peke yake, nimeziwekea hatua yao huko chini.

Tundu la WAN. Hili ni sawa na yale mengine ya waya wa neti kwa umbo, ila limetengwa kidogo, mara nyingi lina rangi yake, bluu kwa kawaida, na limeandikwa WAN au Internet. Rauta yenye tundu hili na isiyo na mdomo wa kijani wala kitundu cha laini ndiyo rauta ya dukani tunayoizungumzia. Haiwezi kupokea faiba moja kwa moja, haiwezi kupokea laini. Inahitaji kifaa kingine mbele yake kinachoileta intaneti kwa waya. Mtu anayenunua hii akidhani ataichomeka kwenye umeme na intaneti itoke amepoteza hela sawasawa na mama wa Uyole, tofauti ni kwamba yeye atabaki na kifaa halali.

Kuna mchanganyiko mmoja ninaoukuta kwenye nyumba nyingi za mjini: ukutani kuna kiboksi kidogo cha faiba chenye tundu moja tu la waya, hakina waifai, kisha waya mfupi unakwenda kwenye rauta kubwa yenye antena. Kidogo ni cha kampuni. Kikubwa kinaweza kuwa chako au chao, na usiamue kwa kukitazama tu.

Mchanganyiko mwingine ni wa nyumba zinazopokea intaneti kwa hewa, dishi dogo au antena bapa juu ya paa inayoangalia mnara. Milima yetu inasaidia hapo, mnara ukiwa mahali pa juu nyumba nyingi zinauona. Waya unaoshuka kutoka paani huingia kwenye kiboksi cheusi kama chaja, chenye matundu mawili: PoE na LAN. PoE linapeleka umeme juu kwenye antena, LAN ndilo la kwenda kwenye rauta. Ukikosea ukachomeka rauta au kompyuta kwenye tundu la PoE unaweza kuiunguza, na nimeshaona laptopu iliyoungua hivyo. Antena na kiboksi cheusi kwa kawaida ni vya kampuni. Rauta iliyo mbele yake mara nyingi ni ya kawaida ya dukani, hata kama kampuni ndiyo iliyoileta na kuifunga.

Hatua ya pili: soma stika, yote, siyo jina tu

Geuza kifaa chali, piga picha stika ukiwa na mwanga mzuri. Piga picha hata kama ni chako. Siku utakayoihitaji itakuwa imefutika kwa joto.

Kwenye stika ya rauta ya dukani utakuta jina la modeli na mara nyingi toleo lake, mfano Archer C6 na chini yake Ver ikifuatwa na namba. Utakuta anwani ya kuingilia iliyoandikwa kwa maneno, kama tplinkwifi.net. Neno la siri la waifai utakuta, lakini namba ya kusajiliwa kwenye mtambo wa faiba hutaikuta, kwa sababu haina kazi nayo.

Kwenye kifaa cha faiba, tafuta namba iliyoandikwa SN, GPON SN au PON SN. Herufi nne za mwanzo ni kitambulisho cha kiwanda: HWTC ni Huawei, ZTEG ni ZTE, ALCL ni Nokia kwa jina la zamani la Alcatel-Lucent, FHTT ni FiberHome. Baadhi ya stika huziandika herufi hizo kwa tarakimu, kwa mfano 48575443, na mtu akaona namba ndefu isiyo na maana. Hiyo 48575443 ni HWTC ileile, kila herufi imeandikwa kwa tarakimu mbili za kompyuta. Ukiiona, huhitaji hata kutafuta mdomo wa kijani.

Modeli nazo zinajieleza ukishazizoea. Huawei HG8546M na EG8145V5, ZTE F660 na F670L, Nokia G-240W: hizi ni za faiba, ni za kampuni. TP-Link TL-WR840N na Archer C6 ni za dukani. Lakini TP-Link hiyohiyo ina XC220-G3, ambayo ni ya faiba na imetengenezwa kwa ajili ya watoa huduma, ingawa ukiiweka mezani kando ya Archer zinafanana kama ndugu. Ndiyo maana nilisema jina la kiwanda uliache.

Sasa tafuta stika ya pili. Kampuni nyingi hubandika ya kwao: nembo, namba ya mali yenye mistari ya kusomwa na mashine, wakati mwingine namba ya huduma kwa wateja. Ikiwa imebanduliwa, inaacha alama. Pitisha kidole, pale palipokuwa na stika pananata au pana rangi tofauti na penginepo, plastiki nyeupe inageuka manjano isipokuwa pale ilipofunikwa. Kifaa kilichobanduliwa stika mimi sikinunui, hata muuzaji awe na maneno matamu kiasi gani.

Wapo wanaoshauri uchukue namba ya MAC, ile inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao, uiingize kwenye tovuti, ikwambie kifaa ni cha nani. Tarakimu sita za mwanzo za MAC zinataja kiwanda tu. Umerudi palepale kwenye jina la juu.

Hatua ya tatu: kiwashe, ingia ndani

Hatua hii ni ya kifaa kinachofanya kazi, chako au cha nyumba unayoingia kupanga. Unganisha simu na waifai yake. Kwenye simu fungua mipangilio, bonyeza jina la waifai uliyounganishwa nayo, shuka mpaka uone anwani ya rauta, wengine wanaiandika Gateway. Mara nyingi itakuwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Vifaa vingi vya faiba vya Huawei hutumia 192.168.100.1, na rauta zao za laini hutumia 192.168.8.1. Iandike anwani hiyo kwenye kivinjari, pale unapoandika jina la tovuti.

Ukurasa utakaofunguka utazame kabla hujaandika chochote. Una nembo ya kampuni ya intaneti? Rangi zao? Basi programu iliyomo ndani imetengenezwa kwa ajili yao. Ukurasa wa rauta ya dukani una nembo ya kiwanda na kwa kawaida siku ya kwanza unakuomba utengeneze neno la siri mwenyewe.

Ingia kwa jina na neno la siri la kwenye stika. Kwenye rauta ya dukani utaona kila kitu: kubadili namna ya kufanya kazi, kusasisha programu, kuweka jina la PPPoE (jina la kuingilia unalopewa na kampuni), kugawa kasi. Kwenye kifaa cha kampuni mara nyingi unaona vyumba viwili vitatu tu, kubadili jina la waifai na neno la siri, kuona nani ameunganishwa, basi. Menyu imekatwa. Haijaharibika: kifaa kina funguo mbili, wewe umepewa ya sebuleni na fundi wa kampuni ana ya nyumba nzima.

Kama menyu inakuruhusu, tafuta mahali palipoandikwa TR-069 au CWMP. Hilo ndilo jibu la swali la kumtii nani. Ni utaratibu uliotoka mwaka 2004, unaokiwezesha kifaa kuripoti kwenye seva ya kampuni na kupokea maagizo: badilisha hiki, sasisha programu, jiwashe upya. Ukikuta umewashwa na kuna anwani ya seva iliyojazwa, kifaa hicho kinaongozwa kutoka mbali. Rauta nyingi za dukani hazina kipengele hicho, au kipo kitupu.

Nina mteja mmoja wa Soweto ya hapahapa Mbeya, mwenye duka la pembejeo, aliyekuwa ameshaanza kumshuku kijana wake wa dukani. Kila akibadilisha mipangilio ya rauta, kesho yake anakuta imerudi kama zamani. Akabadilisha kufuli la mlango. Nilipoingia nikakuta kifaa kinapiga hodi kwa seva ya kampuni kila siku na kuletewa mipangilio yake upya. Kijana alikuwa amelala kwao.

Hili halimaanishi kampuni inasoma meseji zako kupitia hapo. Linamaanisha kifaa si cha kuchezea, na kwamba ukipata hitilafu wanaweza kuirekebisha bila kupanda bajaji kuja kwako.

Hatua ya nne: za laini, mpaka wa Tunduma na namba 15090

Rauta za laini ndizo zinazouzwa sana mkononi, kwa sababu zinabebeka. Kasoro yake ni kufungwa. Kampuni ya simu inaiuza kwa bei nafuu, na kwa kuwa imeipunguza bei inaifunga isikubali laini ya mtandao mwingine. Hiyo ni yako kwa risiti, lakini inamtii mwingine. Mbeya tuna nyongeza: nyingine zinapita Tunduma kutoka Zambia au Kasumulu kutoka Malawi, zimefungwa kwa mitandao ya huko. Inawaka vizuri, waifai inaonekana, intaneti hakuna.

Kipimo ni kimoja: weka laini ya mtandao ambao hauna nembo kwenye kifaa. Nenda na laini yako yenye bando, usikubali kupimiwa kwa laini ya muuzaji. Ikikataa au ukurasa ukiomba namba ya kufungulia, imefungwa. Usianze kubahatisha namba hizo, majaribio yana idadi yake, yakiisha ndiyo basi. Kama una laini mbili za mitandao tofauti, weka zote kwa zamu, na subiri dakika mbili kila mara kabla ya kuhukumu.

Kifaa cha laini kina IMEI, tarakimu 15, kwenye stika na pia ndani ya menyu. Zilinganishe, zifanane. Kisha itume namba hiyo kwa meseji kwenda 15090, ule utaratibu wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wa kuhakiki IMEI ambao wengi tuliufahamu mwaka 2016 simu bandia zilipozimwa. Ujumbe utakaorudi ukitaja kifaa tofauti na ulichoshika, kirudishe.

Na ukikuta laini ya mwenyewe wa zamani bado imo ndani, itoe umpe. Imesajiliwa kwa alama za vidole vyake. Hutaki jambo lolote lifanyike kwa laini ya mtu ikiwa mikononi mwako, wala yeye hataki.

Hatua ya tano: karatasi

Hapa ni kwa ufupi. Uliza swali moja siku ya kufungiwa huduma: kifaa ni cha kuniuzia au cha kuniazima? Mwambie anayekufungia akuonyeshe sehemu hiyo kwenye mkataba. Risiti ikiandika "ada ya kuunganishwa", hujanunua kifaa. Ikitaja modeli ya kifaa na bei yake, umenunua. Picha ya ukurasa huo iweke pamoja na picha ya stika.

Wapangaji, mnapohama muwaambie kampuni. Wenye nyumba, mnapopokea chumba muulize kilichobaki ukutani ni cha nani.

Ukishajua ni ya kampuni

Usipige reseti. Nasema hivi kwa sababu ndilo jambo la kwanza watu hufanya neti ikisumbua: wanachukua pini, wanabonyeza kile kitundu kwa sekunde kumi, taa zote zinazima. Rauta ya dukani ukiifanyia hivyo utaianza upya mwenyewe kwa robo saa. Cha kampuni kinaweza kupoteza jina la PPPoE, namba ya VLAN (inayotenganisha huduma ndani ya waya mmoja) na mipangilio ya simu, na baada ya hapo PON inawaka kijani kizuri lakini intaneti haipo. Unakaa unapiga simu huduma kwa wateja wikiendi nzima. Kuzima na kuwasha kwenye soketi ni ruksa, wala hakupotezi kitu.

Adapta nayo usiibadilishe kiholela. Vifaa vingi vya faiba vinatumia volti 12, rauta ndogo za dukani nyingine ni volti 9, nyingine 5, na vichwa vyake vinaingiliana. Ya king'amuzi nayo inaingia vilevile. Volti isomwe kwenye stika ya kifaa na ilingane na ya adapta. Ampea za adapta ziwe sawa au zaidi. Na masika, ngurumo ikianza kule juu Loleza, chomoa. Waya wa kioo haubebi radi, lakini waya wa umeme na ule wa shaba wa simu unabeba.

Kinachowafanya wengi watake kubadilisha kifaa cha kampuni si kifaa kibovu, ni kuta. Nyumba zetu nyingi, Mbeya na Iringa yote, ni za matofali ya kuchoma, na ukuta wa tofali la kuchoma uliolazwa kwa upana unaimeza waifai, hasa ile ya gigahezi 5. Mtu yuko chumba cha nyuma, anapata mstari mmoja, anadhani kampuni inamwibia. Hapo ndipo rauta ya dukani inapopata kazi yake halali: inakaa nyuma ya kifaa cha kampuni, haikiondoi.

Fanya hivi. Vuta waya wa neti kutoka tundu la LAN la kifaa cha kampuni mpaka chumba cha nyuma. Washa rauta yako peke yake kwanza, ingia kwenye menyu yake, tafuta palipoandikwa Operation Mode, chagua Access Point, hifadhi. Ndipo uchomeke ule waya kwenye tundu ambalo menyu yenyewe itakuelekeza. Kwa kufanya hivyo rauta yako inaacha kuvigawia vifaa anwani na inabaki kutoa waifai tu. Usipofanya hivyo utakuwa na rauta mbili kila moja inajiona ndiyo mkubwa wa nyumba: printa iliyo kwenye hii haionekani kwenye ile, na baadhi ya michezo ya mtandaoni inagoma.

Rauta yako kama ni ya zamani na haina chaguo hilo, zima DHCP ndani yake, yaani ile kazi ya kugawa anwani, ipe anwani iliyo familia moja na ya kifaa cha kampuni lakini nje ya zile kinazogawa, kisha chomeka waya LAN kwa LAN. Tundu la WAN liache wazi. Jina la waifai na neno la siri ukiyafananisha na ya mbele, simu itahama yenyewe ukitembea kutoka sebuleni kwenda jikoni, ingawa simu nyingine ni wavivu, zinang'ang'ania ya mbali mpaka ikatike.

Angalia pia kasi iliyoandikwa kwenye matundu. Rauta ya bei ndogo yenye matundu ya 10/100 haitapitisha zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde hata kifurushi chako kiwe cha 200. Hilo halionekani kwenye antena, hata ziwe sita.

Sasa mama wa Uyole. Nilipomwambia kile kiboksi kinahitaji waya mwembamba wenye kichwa cha kijani, alinyamaza kidogo, akaniuliza kichwa hicho kinafananaje. Nikamwonyesha picha. "Mwe! Huo mbona upo, unaning'inia nyuma ya kabati chumbani kwa huyohuyo mpangaji."

Tulipanda wote bajaji hadi kwake. Ulikuwepo kweli, ncha haina kifuniko, umejaa vumbi. Niliusafisha, nikauchomeka kwenye kiboksi. PON ikapepesa, ikatulia kijani, kwa kuwa kile kiboksi kilisajiliwa kwa waya uleule. Intaneti ilikuwa imefungwa kwa deni la mpangaji. Alikwenda ofisini kwao siku ya pili na picha ya stika, wakaandikisha mkataba mpya kwa jina lake, na kabla ya jioni akanipigia kwa WhatsApp, ya video, kunionyesha wajukuu.

"Ndaga, mwanangu," akasema, ndiyo asante ya huku kwetu. Halafu akakumbuka. "Lakini hebu niambie, ile elfu thelathini nilinunua nini? Adapta?"

Nilimwambia hata adapta ni ya kampuni.